Maelezo ya Luciana Ntandu Kuhusu Mpima Upepo wa Bondeni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ilongero, 17/06/2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Luciana Petro Ntandu. Umri: miaka 46. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima wa uwele na alizeti. Makazi: Kitongoji cha Kisimani.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, tena kwa furaha.

Mnamo tarehe 28/05/2025 nilihudhuria mkutano wa hadhara hapa Ilongero. Ofisa wa halmashauri alitueleza kuwa serikali inasaidia kujenga kituo cha haidrojeni ya kijani cha kanda yetu. Alisema umeme wa upepo utatenganisha maji, itoke gesi ya kuendeshea viwanda na kutengenezea mbolea. Maji yatatoka ziwa la chumvi na kusafishwa, visima vyetu havitaguswa. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, maana upepo huu umetuezulia mabati miaka yote na hatujawahi kuona faida yake.

Mnamo tarehe 12/06/2025, saa 3:00 asubuhi, alifika kitongojini mwanaume mwenye gari jeupe, kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Alijitambulisha kuwa ni Injinia Gerald wa mradi huo, ametumwa kupima upepo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Fabiano, alimpokea kwa mikono miwili. Simlaumu, sote tulikuwa tunawasubiri wapimaji.

Gerald alichomeka vigingi vyenye utepe mwekundu bondeni, kuzunguka kisima na mashamba ya kaya kumi. Shamba lenye kisima ni la mama yangu mzazi, Agripina, mwenye miaka 74. Gerald alisema mitambo itasimama hapo, na kila mwenye shamba aweke dole gumba kwenye fomu kabla ya saa 7:00 mchana, la sivyo mradi utapelekwa mkoa mwingine.

Nilipofika saa 4:30 mama alikuwa ameshapakwa wino. Nilimwamkia, halafu nikamshika ule mkono kabla haujagusa fomu.

Nilimuuliza Gerald, "Injinia, hapa umepima upepo?"

Akajibu, "Nimepima kwa mashine ya kisasa. Wewe mama kaendelee na mapishi."

Hilo la mapishi lilinichoma.

Afande, bondeni pale hakuna mwanamke anayepepeta uwele. Kilima kinakinga upepo wote. Tunabeba magunia kichwani mpaka juu ndiyo tupepete, na mimi nimebeba tangu nikiwa binti. Tungekuwa na upepo pale chini, shingo yangu isingekuwa hivi.

Nilikimbia nyumbani nikachukua ungo na uwele uliopurwa siku hiyo. Nilisimama kwenye kigingi chake, nikainua ungo juu ya kichwa, nikamwaga taratibu. Punje na makapi vilianguka pamoja, juu ya viatu vyake.

Jirani yangu Yustina akamwambia, "Injinia, upepo wako bado umelala?"

Watu wakacheka. Gerald akasema upepo wa pale huwa unaanza jioni. Nikamwambia, "Mimi nina miaka arobaini na sita hapa, hiyo jioni sijaiona."

Ndipo Mwalimu Eliana wa hapo kitongojini alipomnyang'anya fomu na kuisoma kwa sauti. Hamkuwa na neno upepo wala haidrojeni. Iliandikwa kuwa wenye mashamba wanamwachia Gerald mwenyewe mashamba na kisima, moja kwa moja. Mama alitazama dole lake, akakaa chini.

Gerald alielekea kwenye gari. Alikuta bodaboda nne zimeegeshwa mbele na tatu nyuma. Njia ya mwongo ni fupi. Hakupigwa hata kofi, kwa sababu nilisema atakayempiga ataniharibia ushahidi. Polisi walifika saa 6:20 mchana.

Jana tarehe 16/06/2025 walikuja wapimaji wa kweli, wakiwa na barua ya mkurugenzi na ofisa yule wa mkutanoni. Waliuliza, "Yule mama wa ungo yuko wapi?" Niliwapandisha kilimani. Nilimwaga uwele mbele yao, punje zikatua kwenye turubai, makapi yakaenda zake hata hatukuona yalikoangukia. Mashine yao ikakubali. Mlingoti wa kupimia wameusimamisha hatua nne kutoka ninapopepetea, nami nimewaambia wasiusogeze.

Mama amekataa kusugua ule wino. Juzi aliuonyesha kanisani, benchi kwa benchi.

Ninaomba nirudishiwe ungo wangu niliouleta leo kama ushahidi. Nimesomewa haya yote na ni kweli tupu, niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu na mbele ya Gerald.

Sahihi ya shahidi: L. P. Ntandu

Maelezo ya mpokeaji: Yamepokelewa nami, Koplo Benjamin. Fomu kumi zimehifadhiwa kama vielelezo, zote hazina alama ya dole. Ungo mmoja umepigwa picha na kurudishwa kwa shahidi saa 5:05, kwa kuwa ameeleza ana magunia manane hayajapepetwa na upepo umeshaanza.