Kazi ya Kufungua Njia

Mjukuu wangu Espoir,

Pokea salamu zetu za Durban. Mama yako iko sharp, mzima kabisa, saluni yake inajaa wateja, na kanisani tunajisifu kwamba kijana wetu anacheza futiboli ya Kimarekani kwenye ligi ya Wajapani.

Umeniuliza kama uache, kwa sababu timu ya kampuni yenu imekuweka mbele kuzuia watu tu, na msimu mzima hujagusa mpira.

Nilipokuwa msichana Bukavu, nilicheza mpira wa kikapu. Nilikuwa mnene, na mwenzangu Furaha alikuwa na mbio, basi mwalimu akaniambia, "Wewe wazuie, Furaha apite." Nilikasirika sana. Siku ya fainali nikamzuia msichana mmoja, akanigonga, nikaanguka. Nikiwa chini nikasikia kelele: Furaha amefunga! Wenzetu walitaka kumbeba. Yeye akawapita mbio, akaniangukia palepale, "Tumefunga, mama, tumefunga!" Eish, tulicheka mpaka mwamuzi akaja kutuinua.

Uamuzi ni wako, mwanangu. Ila Jumapili tutaangalia mechi yenu kwenye simu, na macho yangu hayatafuata mpira. Yatakufuata wewe.

Akupendaye,
Bibi Régine