Muhuri Haujaharibika

Shangazi Marlys mpendwa,

Theluji imeanza, na koti ulilonishonea bado linanitosha.

Umeshasikia kwamba bosi wangu, Bi. Haugen, ameshindwa uchaguzi. Kwa kuwa ndiye Katibu wa Jimbo, mtunza kumbukumbu zetu zote, ni lazima atie saini na muhuri kwenye matokeo ya kushindwa kwake mwenyewe. Leo aliniita.

"Joel, mwanangu, mashine ya muhuri imeharibika, sivyo?"

"Nimeitia mafuta asubuhi, mheshimiwa. Ni nzima."

Akacheka. "Basi umeitia vibaya. Bila muhuri hakuna mshindi. Bodi ya uchaguzi ikikuuliza kesho, wewe ndiye fundi. Au unataka kurudi kukamua ng'ombe wa shangazi yako?"

Niliitikia kwa kichwa, Shangazi, kwa woga. Lakini kesho nitaapishwa mbele ya Bodi, na siwezi kuapa uongo. Naye atasema mimi ndiye niliyeiharibu.

Pitisha kidole chini ya jina langu. Hayo maandishi yaliyovimba ni muhuri wenyewe; nimeugonga sasa hivi, ingawa kuugonga kwenye barua ya binafsi ni kosa la kufungwa. Wakinikamata kwa kuharibu mashine, mpelekee hakimu karatasi hii.

Mtoto wa kaka yako,
Joel