Pingu ya Babu

Jumanne, Kanyenye

Leo nusura nimuue mdogo wangu, Hamisi.

Alitaka kuitundika karakanani pingu ya shingo aliyoibuni babu wa babu yetu, mhunzi aliyewafulia chuma wenye misafara ya watumwa. Mtumwa akiivuta, inajibana yenyewe.

"Kaka, babu alikuwa mvumbuzi. Walimlazimisha tu."

"Fundi akilazimishwa hulipua kazi, hufanya bora liende," nikamwambia. "Nionyeshe hapa alipolipua."

Akacheka. Nikambamiza ukutani, nikamvisha. "Haya, vuta!"

Akavuta, ikambana. Ufunguo wake ulipotea kabla hatujazaliwa. Macho yakamtoka pima, mate yakamchuruzika. Nikawasha grenda nikakata, cheche zikimuunguza masikio.

Yuko hai. Kalala chumba cha pili, hataki kuniona. Kesho nitamwomba radhi kwa kumvisha.

Lile jingine sijui nitalisemaje. Katikati ya kukata niliizima grenda. Nilitaka kuona mzee aliiungaje ile bawaba. Hamisi anakoroma kwa kukosa pumzi, nami nimeinama juu yake nasema, "Aisee, huyu mtu alijua kazi."