Bei Isiyoonekana Ukutani

Jumanne, usiku

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi usimwambie mtu neno hata moja, hasa mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika. Hajui kwamba ni mimi niliyesasisha Linux, programu inayoendesha kompyuta ya ofisi. Alinikataza nisiiguse mpaka mnada wa korosho upite, na mnada ni kesho.

Asubuhi kioo kilikuwa cheusi. Nikaongeza neno nomodeset, linaloiambia kompyuta itumie picha ya msingi tu, kwenye mstari wa amri za kuwashia, picha ikarudi, maandishi makubwa kama ya bango. Nilimshukuru Mungu. Kisha nikaunganisha projekta, ukuta haukupata kitu, maana kwa neno lile kompyuta haitoi picha nje ya kioo chake. Nikiliondoa neno lile, giza tena.

Karani aliyenitangulia alisoma bei kwenye kioo chake peke yake. Wakulima walimwita mwizi, wakamfukuza. Tangu hapo hawauzi mpaka bei waione wote ukutani.

Jioni Bi Somoe, mkulima, alinikuta nahangaika na waya.

"Karani, ukuta mweupe kama sanda! Bei zetu umezimeza?"

"Shikamoo, bibi. Ni waya tu."

"Marahaba. Basi kesho huo waya uamke, la sivyo utamfuata mwenzio."

Alicheka. Mimi nilijaribu, nikashindwa. Sijui nitasimamaje mbele yao na ukuta mtupu.

Kama unaijua Linux, usinipigie simu. Mwenyekiti hukaa meza ya pili, atasikia. Njoo ofisini kwetu Kilangala alfajiri, pita nyuma ya ghala la korosho, gonga dirisha lenye wavu uliochanika. Sema umeleta magunia. Nitakuwa macho.