Nguzo Hutikiswa na Asiyeisimika

Mkonze, 4 Februari 2024

Loisi mwanangu,

Mbukwa. Mimi mzima, meno yamebaki sita lakini nyama natafuna. Wewe na wajukuu hamjambo? Simu yako sitaki, simu haina ushahidi. Naandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la tatu.

Anitha wa jirani kanisomea gazeti. Eti wewe ndiye umewafundisha mafundi wa kompyuta njia mpya: programu aliyoandika mtu haitumiki mpaka isomwe na mwingine asiyeiandika, atafute kosa. Eti mpaka Wahindi na Wazungu wanaifuata, na mwezi wa tano unapewa nishani. Nimecheka mpaka nikakohoa. Njia mpya! Nani hajui kwamba Sostenes fundi wa tembe hapandishi udongo juu ya paa mpaka nguzo zitikiswe na mtu asiyezisimika? Tembe arobaini na moja nimejenga. Hiyo njia yangu. Nataka nitajwe siku hiyo, tena nikae mbele.

Baba yako, fundi mkuu.

Chimwaga, 19 Februari 2024

Shikamoo baba,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Pole na kikohozi.

Ni kweli, njia imetoka kwako. Miaka ishirini na mbili nimeipigania. Wakubwa walisema nawachelewesha mafundi, mmoja akanifukuza kazi, sikuacha. Nikiulizwa nimeitoa wapi, sikutaji. Maana nikikutaja nitasema yote.

Nguzo za watu uliacha zitikiswe, za kwetu ukakataa. Mama alishika nguzo ya mlangoni akakwambia imeliwa na mchwa. Ukamjibu mbele ya majirani, "Tangu lini msonga ugali akamkagua fundi?" Ukapandisha udongo. Mvua ya Januari ikaangusha paa, likamuua. Nilikuwa na miaka tisa.

Hotuba yangu hii hapa, nimeyaandika hayo. Isome, uniambie kama jina lako libaki.

Binti yako,
Loisi.

Mkonze, 2 Machi 2024

Loisi,

Salamu leo sina. Ilikuwa mvua! Mvua ya mwaka ule ilibeba hata ng'ombe, muulize jirani yetu Sila. Mtoto wa miaka tisa anajua nini habari ya nguzo? Niliuza mitamba minne ukasoma, leo unanisomea mashtaka. Toa jina langu.

Baba yako.

Chimwaga, 10 Machi 2024

Shikamoo baba,

Natumaini kikohozi kimepungua. Jina nimelitoa. Sherehe ni tarehe 18 Mei. Ukija, utakaa mbele.

Loisi.

Mkonze, 11 Mei 2024

Loisi mwanangu,

Mbukwa. Kifua kinauma lakini nipo.

Hotuba nimeisoma miezi miwili, mstari kwa mstari, kwa kidole. Sila alitaka kunisomea, nikamfukuza. Ina kosa. Umeandika nguzo moja. Zilikuwa tatu. Mama yako Anyesi alizitikisa zote, akanionyesha moja moja, na ile ya katikati ilimwachia unga mkononi. Unga huo niliuona kwa macho yangu. Lakini watu wa kupandisha udongo nilishawaalika, pombe imeshaiva, nikaona haya fundi kama mimi kung'oa nguzo mbele yao.

Sahihisha hapo. Jina langu lirudishe, liandike lote, Sostenes Chilongani wa Mkonze, wasije wakamdhania mwingine.

Mimi siji.

Baba yako.