Ngozi Kumi za Tovuti

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kaka ameniambia kikohozi kimekuachia, na kwamba siku hizi unatembea mwenyewe hadi getini na kurudi, tena ukimkatalia yeyote anayetaka kukushika mkono. Habari hiyo imenishibisha kuliko chakula. Huku sote tu wazima. Mjomba anakusalimu, goti lake bado linamsumbua, ila ulimi wake uko mzima kabisa. Karakana nayo ni salama, na paa halivuji tena. Ningeweza kukupigia, lakini najua simu unaiona kama mgeni mwenye haraka, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu aliyetulia, amevaa miwani yake.

Baba, mwaka jana kila uliponiuliza kuhusu wateja nilikujibu kwamba wanakuja. Hawakuwa wanakuja. Yule daktari wa mifupa aliyekuwa akituletea watu wenye mguu mmoja mfupi alistaafu, na aliyeshika nafasi yake hakujua kama tupo. Kwa miezi saba nilitengeneza jozi tatu tu. Nilikuwa nafungua mlango, nafagia, napanga nyundo na sindano, kisha nakaa nikisikiliza saa ya ukutani ikifanya kazi peke yake.

Aliyenizindua ni mama mmoja aliyekuja nimshonee mkanda wa mkoba. Alikuwa na binti yake wa miaka tisa, ambaye mguu wa kushoto alikuwa akiukanyagia ncha za vidole. Macho ya yule mama yalipofika kwenye rafu, yakaona kiatu chenye soli nene upande mmoja, na akaniuliza ni cha nani. Nilipomweleza kazi yetu alivuta kigoda akakaa. Akasema kiatu kama hicho amekitafuta miaka miwili, ameulizia hospitali tatu, ametafuta kwenye simu mpaka macho yakamuuma.

"Mimi nakaa mtaa wa pili kutoka hapa," akasema. "Kwenye simu hampo."

Miaka miwili mtoto anatembea kwa vidole, na sisi tuko hatua mia nne kutoka kitanda chake. Siku hiyohiyo nilimpima mguu, na siku hiyohiyo niliamua kwamba lazima tuwe na tovuti.

Najua utasema tovuti ni kitu cha mabenki na mashirika ya ndege. Hata mimi nilifikiri hivyo, ndiyo maana nilianza kwa kukimbilia bei rahisi. Jamaa mmoja mwenye kibanda cha kuchapa hati aliniahidi tovuti kwa bei ya ngozi mbili. Nakuhesabia kwa ngozi, Baba, maana pesa huziamini na zinabadilika thamani kila uchao. Kwa ngozi hizo mbili alinipa ukurasa wenye picha za viatu vyekundu vya kisigino kirefu, vya kampuni nisiyoijua, na namba ya simu iliyokosewa tarakimu moja. Baada ya miezi mitatu ukurasa ukapotea. Nilipomfuata akaniambia jina la tovuti aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe, na kama nalitaka ninunue upya. Nilirudi nyumbani nikicheka, maana kulia kungenichosha.

Hapo ndipo mteja wangu mmoja akanipeleka kwa mwanamke ninayemwita Mama Penseli, kwa sababu ana penseli kwenye nywele kila saa na kila saa anaitafuta. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vioo. Nilidhani ataniuliza nina pesa kiasi gani. Akaniuliza ni nani anayenitafuta bila kunipata, na akinipata nataka afanye nini. Akanipa karatasi, akaniambia niende nikakae na swali hilo wiki nzima. Sijawahi kuona fundi anayekataa kuanza kazi mpaka ajue mguu wa mtu, isipokuwa wewe.

Niliporudi na jibu tulipanga bajeti pamoja, na ndipo mshangao wangu ulipoanza. Alinionyesha kwamba tovuti si kitu kimoja kama nilivyodhani. Jina lake hulipiwa kila mwaka, nalo ni nusu ya ngozi, safari hii likiandikishwa kwa jina langu. Nafasi ya kuihifadhi, yaani kiwanja inaposimama ili mtu aione hata sisi tukiwa tumefunga, ni ngozi moja kwa mwaka. Kazi yake yeye ya kuijenga ni ngozi tano. Ngozi moja na nusu iwekwe pembeni, isiguswe, kwa ajili ya marekebisho. Akasema wengi hutumia kila kitu siku ya kwanza, halafu kitu kidogo kikivunjika hawana cha kukishonea. Na ngozi mbili ni za mpiga picha. Jumla, ngozi kumi.

Hizo mbili za mwisho nilizikata palepale. Nikamwambia nina simu yenye kamera. Mama Penseli akaitoa penseli, akafuta picha zilizokuwa zicheze zenyewe na mapambo mengine niliyokuwa nimeyaomba kwa mbwembwe, na ngozi mbili akaziacha mahali pake. Akasema mtu mwenye mguu mfupi amedanganywa na picha nyingi. Anataka kuona uzi unapoingia na unapotokea.

Kwa hiyo nikashona malapa ya kawaida, miezi sita, jozi baada ya jozi, nikiuza kwenye duka la jirani mpaka ngozi kumi zikatimia. Maneno ya kwenye tovuti niliyaandika mwenyewe ili kuokoa gharama, na nakuapia, kushona buti ni rahisi kuliko kuandika sentensi inayosema kweli.

Sasa, Baba, nafika pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Ulipoacha kazi, mikono ilipoanza kutetemeka, uliniita ukaniambia nizichome kalibu zote. Zile nyayo za mbao ulizochonga kwa miaka thelathini na nane, kila moja mfano wa mguu wa mtu. Ulisema hutaki zibaki zikikutazama. Nilikuitikia. Jioni yake uliuona moshi nyuma ya karakana ukasema sawa, imekwisha.

Sikuzichoma. Nilichoma maboksi matupu na vipande vya ngozi mbovu. Kalibu zako nilizipanga kwenye stoo ya nyuma, nikafunga kwa kufuli, na kwa miaka minne nimekuachia uamini kwamba ni majivu. Nisamehe. Nilijaribu kuitia moto ya kwanza, nayo ilikuwa ya mguu wa mtoto, na ulikuwa umemchongea hata kidole kilichojikunja. Nilishindwa.

Mpiga picha alipokuja alikuwa anatafuta dirisha lenye mwanga mzuri, akaniomba nifungue stoo. Nikafungua. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umeingia wote. Kalibu mia mbili na kumi na nne, Baba, zimesimama kwenye rafu mpaka darini, kila moja na lile jina la utani ulilokuwa ukimpa mteja na kuliandika kwa msumari wa moto. Mpiga picha, mwanamke msemaji, akaishusha kamera. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote ni watu?"

Nikamwambia ndiyo. Akavua viatu vyake mlangoni ndipo akaingia. Nami nikavua vyangu. Nilikuwa nimeingia humo mara mia kufuata gundi, na siku hiyo ndipo nilipoona nimekuwa nikikaa na umati. Alipiga picha siku nzima, na kwa siku hiyo akachukua malipo ya nusu siku tu.

Tovuti ilipofunguliwa, picha hizo ndizo zilizokuwa mbele. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili ukaja ujumbe kutoka kwa mwanamke anayeishi nchi nyingine, mkunga. Ameandika kwamba alikuwa anawatafutia viatu wagonjwa wake, akaikuta picha ya rafu, akaikuza kwenye kompyuta, na safu ya tatu akasoma jina Kipepeo. Baba, ni yeye. Ni yule msichana aliyekuwa akirukaruka kwa sababu mguu mmoja haukufika chini. Anasema alikaa akautazama mguu wake wa miaka saba. Anasema anasimama saa kumi na mbili kwa siku akipokea watoto wa watu, na kwamba aliyemsimamisha ni wewe.

Tangu hapo wameandika wateja wako wa zamani kumi na tisa. Mmoja ni mwalimu, mmoja anaendesha trekta, mmoja ameandika kwa niaba ya mama yake aliyefariki, akiomba tu kujua kama mguu wa mama yake bado upo. Upo. Nimempelekea picha yake. Daktari mpya naye ameiona tovuti, na sasa nina oda za miezi mitano mbele. Yule binti wa mtaa wa pili anatembea kwa unyayo mzima. Mimi nasoma jumbe hizi kila asubuhi kabla sijashika nyundo, na sijazizoea.

Mama Penseli alijenga kurasa sita. Tano zimejaa. Ya sita ni ya mwanzilishi wa karakana, na kila mara ameniomba niiandike, nikakataa, maana siwezi kumsemea mtu niliyemdanganya. Imelipiwa, na iko nyeupe. Mwambie Kaka akushikie kalamu ukichoka. Andika chochote, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza. Nitauweka kama ulivyo.

Nisalimie Kaka na shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mjomba anasema uache ukaidi, ukubali fimbo ya kutembelea. Nimekataa kuandika mengine aliyosema.

Ni mimi binti yako unayeniombea,
Fundi Mdogo