Kompyuta ya Boksi na Kompyuta ya Bawaba

Moshi, mwishoni mwa Novemba

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Kabla hujaketi, jua kwamba katika mji huu wa Moshi kuna vitu viwili tu ambavyo watu wanatoka mbali kuja kuviangalia: mlima na mimi. Na mlima wenyewe nusu ya siku umejifunika mawingu kwa aibu, lakini mimi nipo wazi tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa, na hakuna kiingilio.

Haya, sasa keti. Hujambo? Mama je, magoti yake yanamruhusu kufika kisimani, au bado anawatuma watoto halafu anawagombeza wakirudi? Shemeji Bakari na mikorosho yake wanaendeleaje? Mimi ni mzima, nimenenepa, uso unang'aa kwa mafuta na kwa sifa. Baridi ya mwezi wa saba ilinipiga mpaka nikalala na viatu, ila imepita, na chakula chao nimekizoea. Wana kitu kinaitwa mtori, ndizi zimepikwa na nyama zikapondwa zikawa kama uji mzito. Ukinywa bakuli moja asubuhi huukumbuki tena muhogo. Hilo la muhogo usimsomee mama.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba kama msimu huu wa korosho utaisha sijapata ufundi wa kueleweka, nirudi Masasi, kwa sababu shemeji ameniombea kazi ya kushika mizani ghalani. Nilisoma nikacheka. Nikasoma tena, sikucheka. Miaka mitatu nimetembeza betri na vitana kwenye jua, wananiita Mmachinga hata nikiwa nimelala, halafu nirudi kupima korosho za watu? Hapana, dada. Ndiyo maana leo nimenunua karatasi nyingi, nikueleze kwa kirefu, ili hiyo mizani shemeji amtafutie mtu mwingine.

Unajua kwamba niliacha kutembeza nikaingia kazini kwa Mama Neema. Ni mama wa Kirua Vunjo, ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupeleka bahasha na kubadilisha utepe wa taipureta. Lakini siku hizi hakuna anayetaka kadi ya harusi ya taipureta. Desemba Wachagga wote wanarudi mlimani kutoka Dar na Nairobi na kila walikotawanyika, na nadhani wamekubaliana wote waoane mwezi huo huo. Mwenye kompyuta anachapa kadi mpaka vidole vinaota sugu. Mwenye taipureta anapunga nzi.

Hapo ndipo akaja Elisante, mtoto wa kaka yake Mama Neema. Ni kijana wa rika langu, ila yeye amemaliza kidato cha nne, na hata usiposahau atakukumbusha. Baba yake huko Kirua aliuza ng'ombe wa maziwa, yule mmoja waliyekuwa naye, ili Elisante aanze biashara ya kuleta kompyuta kutoka Nairobi. Ya kwanza akaileta kwa shangazi yake aijaribu, ikimpendeza ainunue, na mji mzima umjue Elisante.

Ilikuja kwenye boksi, dada, imevikwa nailoni kama bibi harusi. Nyuma ilikuwa na stika ndogo inayong'aa. Nikanyoosha kidole.

"Wee! Usiguse hapo," Elisante akanirukia. "Hiyo ikibanduka tu, garantii imekufa."

"Sasa ikiugua mtaifunguaje?"

"Haifunguliwi. Inarudi Nairobi."

"Hata ikikohoa tu?"

"Hata ikikohoa. Wewe Mmachinga, hiki si kitana."

Mama Neema akaiweka kwenye meza ya mbele, wateja waione, akaitandikia juu kitambaa alichofuma mwenyewe. Wiki haikuisha. Anachapa barua ya watu, kioo kinatetemeka, pap, giza. Kila alichoandika kimepotea. Anawasha, anaanza upya, pap. Elisante akaibeba mpaka Nairobi, ikarudi na maneno kwamba haina tatizo. Ikawekwa mezani, pap. Ikapelekwa tena, ikarudi tena haina tatizo. Mimi nikasema labda Nairobi ni nzima kweli, ikivuka tu mpaka wa Holili inashikwa na homa. Wateja wakacheka. Elisante hakucheka.

Sasa hapo damu ikanichemka. Nikamwendea Mama Neema.

"Mama, mimi nitakutengenezea ya kwako."

"Utatengeneza nini?"

"Kompyuta."

Akaweka kalamu chini. "Shaibu, kidato cha pili hukumaliza. Kompyuta utaijulia wapi?"

"Kuku hakusoma, mama, na yai analitengeneza."

"Haya. Taga tuone."

Lakini Mama Neema ni mfanyabiashara, hata utani wake una masharti. Kulikuwa na kadi za harusi ya binti wa jirani yake huko Kirua. Akasema zikitoka zote kwenye mashine yangu, atanipa meza yangu mwenyewe na kibao chenye jina langu. Zisipotoka, atanikatia tiketi ya kurudi kwetu kwa mkono wake. Nikaona wewe na yeye mmekaa kikao bila mimi kujua.

Kuna ofisi moja ya kahawa huku imefungwa tangu wanunuzi binafsi walipoingia. Stoo yao ilikuwa na kompyuta tatu zilizokufa, mlinzi anaweka juu yake kikombe cha chai. Wenye ofisi wakanipa zote kwa sharti kwamba niwasafishie stoo nzima, na nikaisafisha mpaka panya wakanilaani. Usiogope, dada, ndani ya kompyuta si kugumu kama wanavyotutishia. Yule fundi redio niliyekaa naye mwaka mzima alinifundisha kutoogopa waya. Kila waya una tundu lake, na tundu lake halikubali mwingine. Mashine moja nikachukua ubongo, nyingine nikachukua ile diski inayotunza kumbukumbu, ya tatu nikachukua feni na kisanduku kinachogawa umeme. Kioo na kibodi vilikuwa vizima, vichafu tu. Kijana wa duka la intaneti akanipakilia programu, na mimi nikamrudishia redio yake sauti.

Tatizo likabaki nyumba. Mabati yake yote matatu yalikuwa yameliwa na kutu. Nikaenda mtaa wa Pasua kwa seremala mmoja anayetengeneza vitanda na majeneza. Nikamweleza ninachotaka na vipimo. Akavua kofia.

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Zimekufa tatu, mzee. Nataka nizifufue kwa moja."

Akanitengenezea sanduku la mbao za mgrivea, ile miti wanayopanda huku katikati ya kahawa. Tukalitoboa matundu ubavuni joto litoke, na upande mmoja tukatia mlango wa bawaba kama kabati. Elewa hapo, dada. Ya Elisante ina stika, yangu ina bawaba. Yake ikiugua inapanda basi. Yangu ikiugua nafungua mlango na kuingiza mkono.

Mama Neema alipoiona akashika kiuno. "Shaibu, huu ni mzinga wa nyuki."

"Nyuki wake wanachapa kadi, mama."

"Hiki kitu hakikai mbele ya wateja wangu. Watadhani nimeanza kufuga. Kipeleke stoo."

Basi tukakaa stoo, mimi na mzinga wangu, katikati ya marundo ya karatasi. Nikawasha. Ikaguna, feni ikazunguka, kioo kikaja. Nikachapa kadi ya kwanza, ya pili, ya kumi, na hakuna pap. Siku moja mama wa bibi harusi amekaa pale anasubiri, feni ikakwama. Nikafungua mlango, nikatoa feni, nikatia nyingine, nikafunga, na chai yake ilikuwa bado ina mvuke. Yule mama akasema, "Yesu wangu, huyu kijana ni daktari!" Nilimwomba arudie kwa sauti ili wa mbele wasikie, na akarudia.

Kadi zilitoka zote, dada. Zote.

Mama Neema akamwita Elisante mbele ya watu, akamwambia, "Wewe uliniletea boksi. Huyu Mmachinga ameniletea kompyuta. Chukua mali yako." Elisante akaibeba yake kifuani, na mimi nikamfungulia mlango, nikainama kama mhudumu wa hoteli kubwa. Watu walicheka mpaka wa fotokopi wakasahau karatasi zao.

Sasa nina meza. Nina kibao, rangi nyekundu: FUNDI SHAIBU, KOMPYUTA NA REDIO. Watu wanashuka kutoka Mwika kuniuliza habari za kompyuta, na mwalimu mmoja wa Kilema ameniletea yake ya boksi akitaka niitie bawaba. Wananiuliza ipi bora, ya kununua au ya kuunda. Nawajibu kwamba ya kununua ni kama kuoa kwa picha, unaambiwa ni mzuri, unaambiwa usimguse. Ya kuunda umeishika kila kipande, unajua wapi ni imara na wapi inachechemea. Wanatikisa vichwa kana kwamba nahubiri. Wazee wanaitikia, "Kweli, mbe," yaani kweli, bwana, na wananiachia kazi. Mama Neema mwenyewe amenipa funguo za duka. Mwezi ujao nitawatumia kanga, wewe na mama, na mtabishana nani achague kwanza.

Nisalimie mama kwa magoti yote mawili. Msalimie shemeji, mwambie mizani asante, mkono wangu sasa ni wa bisibisi. Wasalimie wanao, yule mkubwa mwambie asiache shule kama mjomba wake, maana si kila mtu ana kipaji changu. Msalimie mjomba mshona viatu aliyenipa nauli ya kuja huku. Msalimie na bibi jirani anayetusomea ndoto, mwambie ile ya kwamba nitapotea njiani ameikosea.

Hapa ishia kuwasomea, dada. Kunja karatasi, useme barua imekwisha. Kilichobaki ni chako peke yako.

Baada ya kibao kupigiliwa ukutani, Mama Neema aliona haya kuuficha mzinga. Akauhamishia mbele, kwenye meza ile ile ilipokaa ya Elisante. Asubuhi nachapa, kioo kikatetemeka, pap, giza. Nikafungua mlango, nikagusa kila kitu, nikawasha. Pap. Mara ya tatu ndipo nikatulia nikasikiliza. Mlango wa pili kuna mashine ya kusaga unga. Kila mota yake inapoanza kunguruma, taa ya chumba chetu cha mbele inafifia, na kompyuta inakufa. Umeme wa mbele tunachangia na ile mashine ya unga. Wa stoo unatoka upande wa nyuma, kwa mpiga picha. Basi. Hakuna ugonjwa mwingine wowote.

Nikamwambia Mama Neema kwamba mzinga haupendi vumbi la barabarani, nikaurudisha stoo. Aliniamini hapo hapo. Siku hizi ananiamini kwa kila kitu, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nikimweleza, atajua kwamba angeweza tangu mwanzo kuiweka ile ya boksi stoo ikafanya kazi, na mimi leo ningekuwa ghalani na shemeji.

Elisante amerudi Kirua. Ile mashine aliiuza kwa hasara kwa mtu wa Arusha, na biashara ikaishia hapo. Juzi nilikutana naye stendi, ameshusha ndizi za mama yake kupeleka sokoni. Nilidhani atanipita. Akaweka mzigo chini.

"Fundi Shaibu! Hujambo, bwana?"

"Sijambo, Mangi," nikamwita kama wanavyoitana Wachagga. "Habari za mlimani?"

"Nzuri. Hebu niambie kama ndugu, mimi sina kinyongo. Ile yangu ilikuwa na kosa gani? Mzee ananiuliza kila jioni akipita penye zizi, na sina la kumjibu."

Nikamwambia, "Za boksi ndivyo zilivyo."

Akawaza kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefundishwa jambo. Halafu akakata kichane kizima cha ndizi akanipa. "Chukua, ukapike. Angalau wewe umenieleza."

Nilizipokea, dada, nikaenda nikazipika, nikala. Mashine yake ilikuwa nzima.

Mdogo wako,
Shaibu